KUTOA, KUFUTA NA KUFUNIKA: Uhakiki wa Vitenzi vya Kushughulikia Nyaraka za PDF kwa Lugha ya Java

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki vitenzi vichache vya Kiswahili vitumiwavyo katika kazi moja mahususi ya kompyuta, nayo ni kushughulikia nyaraka za PDF kwa programu zilizoandikwa katika lugha ya Java. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini tushughulike na jambo linaloonekana dogo kiasi hicho. Jibu ni kwamba jambo hili si dogo tena. Hukumu za mahakama, miswada ya sheria, matangazo ya zabuni, hati za malipo na taarifa za mwaka za mashirika, zote siku hizi hutolewa na kuhifadhiwa katika muundo wa PDF. Nyaraka zikifika maelfu haziwezi kushughulikiwa moja moja kwa mkono. Huandikiwa programu ya kuzipanga, kuziunga, kuzisoma na kuondoa humo yale yasiyopaswa kuonwa na kila mtu. Aidha, tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ni dhahiri kwamba nyaraka nyingi zaidi zitakuwa za Kiswahili, na amri za kuzishughulikia zitatolewa kwa Kiswahili vilevile.

Kwa muda mrefu uundaji wa istilahi umekuwa hasa uundaji wa nomino. Tumebishana sana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wakati huohuo vitenzi vimeachwa vijitafutie njia, kana kwamba mtu akishajua majina ya vyombo, matendo yatajieleza yenyewe. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hayo. Katika fani hii hasara iletwayo na nomino mbaya ni ndogo na huonekana upesi. Hasara iletwayo na kitenzi kibaya ni kubwa, huchelewa kuonekana, na mara nyingine haina dawa.

2. Waraka wa PDF ulivyo

Hatuwezi kupima kitenzi bila ya kukijua kitu kinachotendwa. Muundo wa PDF ulitokana na wazo lililoandikwa mwaka 1991 na John Warnock, mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni ya Adobe, naye aliuita mradi wake Camelot. Shabaha yake ilikuwa waraka uonekane vilevile katika kila mashine na utoke vilevile katika kila mtambo wa kuchapa. Muundo wenyewe ulitolewa kwa umma mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000. Lugha ya Java ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems. Java yenyewe haina chombo cha kusomea PDF. Kwa hiyo waandishi wa programu hutumia maktaba za nje, na zijulikanazo zaidi ni mbili: iText, iliyoanzishwa na Bruno Lowagie wa Ubelgiji mwaka 2000, na PDFBox ya Apache, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2023.

Jambo la msingi ni hili: waraka wa PDF si maandishi yaliyowekwa katika karatasi ya kompyuta. Ni orodha ya maagizo ya kuchora. Agizo moja husema chukua fonti fulani. La pili husema nenda mahali fulani. La tatu husema chora maumbo haya. Mahali hupimwa kuanzia pembe ya chini ya kushoto ya ukurasa, kwa kipimo cha sehemu moja ya 72 ya inchi, hata ukurasa wa A4 huwa na upana wa takriban vipimo 595 na urefu wa 842. Maagizo hutekelezwa kwa zamu, na kilichochorwa baadaye hukaa juu ya kilichochorwa kwanza. Aghalabu waraka haujui aya wala sentensi, na mara nyingi haujui hata neno. Hali yake ni kama ile ya mpangaji wa herufi za risasi katika viwanda vya zamani vya uchapaji: herufi zimo katika fremu mahali pake, lakini fremu haijui imeandikwa nini.

Jambo la pili ni mpangilio wa faili. Mwishoni mwa faili ipo fahirisi inayoonyesha kila kitu kilipo, na programu inayosoma huanzia huko mwishoni. Muundo huu unaruhusu marekebisho kuongezwa mwishoni pamoja na fahirisi mpya, bila ya kugusa yaliyotangulia. Ya zamani hubaki palepale ndani ya faili, ila fahirisi mpya haiyataji. Mambo haya mawili, yaani uchoraji wa tabaka juu ya tabaka na marekebisho ya kuongeza mwishoni, ndiyo yanayovitia vitenzi vyetu katika mtihani.

3. Kitenzi "kutoa"

Tuanze na kitenzi kitumiwacho kuliko vyote. Mkuu wa idara akimwambia kijana wake, "Toa ukurasa wa tatu katika waraka huu," amemwagiza nini? Kwa Kiswahili sanifu kabisa agizo hili lina maana zisizopungua tatu. Maana ya kwanza ni kuuondoa ukurasa huo ili waraka ubaki bila yake, kama tunavyosema kutoa mbili katika tano. Ya pili ni kuuchukua ukurasa huo na kuuweka katika faili lake peke yake, waraka wa asili ukibaki mzima. Ya tatu ni kuuchapa katika karatasi, kama tunavyosema kutoa nakala. Kwa Java hizi ni programu tatu mbalimbali. Ya kwanza humwacha mwenye waraka na kurasa pungufu, nayo ikiandika juu ya faili lilelile, hakuna wa kuurudisha ukurasa uliopotea.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utaonyesha. Katika mazungumzo ya ana kwa ana muktadha huonyesha kweli, maana msemaji yupo na anaweza kuulizwa. Katika kitabu cha mafunzo au katika maelezo yaliyoandikwa juu ya msimbo, msemaji hayupo. Istilahi iko kwa ajili ya wakati huo ambapo hapana wa kuulizwa.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kwa maana ya kwanza tunalo neno "kuondoa", ambalo halina utata. Kwa maana ya tatu tunalo "kuchapa". Kwa maana ya pili twapendekeza maneno mawili kwa kadiri ya kinachochukuliwa. Kinachochukuliwa kikiwa ukurasa mzima, "kunakili ukurasa" yatosha. Yakiwa ni maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, neno lifaalo ni "kudondoa". Mwenye kudondoa huchukua kidogo kidogo, punje kwa punje; na mwanafunzi aliyewahi kupewa dondoo katika mtihani wa fasihi anajua kwamba kitabu kilichodondolewa kinabaki kizima rafuni.

Neno "kudondoa" lina sifa ya pili: linasema kweli juu ya kazi yenyewe. Kwa kuwa waraka wa PDF haujui maneno, programu inayosoma hulazimika kuokota umbo baada ya umbo, kupima nafasi iliyopo kati yao, na kukisia neno linaishia wapi. Mara nyingi nafasi kati ya maneno haimo kabisa katika faili. Kilichomo ni pengo tu. Ukurasa wenye safu mbili waweza kusomwa kwa kukata katikati ya safu zote mbili, mstari wa kushoto ukafuatwa na mstari wa kulia, na matini ikawa haina maana. Anayesema "kutoa matini" humfanya mwanafunzi adhani matini imekaa tayari kama maji katika mtungi. Anayesema "kudondoa" humwonya kwamba kuna kazi ya kuokota na kupanga.

Hapa hatuna budi kutofautisha pia "herufi" na "umbo la herufi". Kinachochorwa katika PDF ni umbo; herufi hupatikana kwa jedwali linalosema umbo hili ni herufi ile. Jedwali likikosekana, ukurasa husomeka vizuri kwa macho na programu ikadondoa takataka. Kiswahili kina mitego yake miwili katika jambo hili. Mtego wa kwanza ni f na i. Fonti nyingi huziunga herufi hizi mbili kuwa umbo moja, na baadhi ya nyaraka huliandikisha umbo hilo kama alama moja ya pekee. Basi anayetafuta neno "ofisi" kwa programu ya Java huambiwa kwamba halimo, ilhali analiona kwa macho yake. Mtego wa pili ni ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo. Waandishi wengine hutumia alama iliyosimama wima na wengine alama iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili zenye namba mbili. Java inacho chombo cha kuligawa umbo la fi lirudi kuwa f na i, lakini chombo hicho hakiigusi ritifaa. Hiyo ni lazima mwandishi wa programu aishughulikie mwenyewe. Mtaalamu asiyejua Kiswahili hatalikumbuka jambo hili.

4. Kufuta, kuficha na kufunika

Sasa tunafika penye hatari kubwa zaidi. Kabla ya waraka kutolewa kwa umma, mara nyingi yako mambo yanayopaswa kuondolewa: jina la mtoto katika hukumu, namba ya kitambulisho, anwani ya shahidi, siri ya serikali. Watu husema "futa majina", "ficha majina", "ziba majina" au "weka weusi", na wasemapo hivyo hudhani wamesema jambo moja.

Tazama kazi inavyofanyika. Mwandishi wa programu mgeni hutafuta jina lilipo, huchora mstatili mweusi juu yake, na kuhifadhi faili. Katika lugha ya ndani ya PDF mstatili huo huhitaji maagizo mawili tu, moja la kuuchora na moja la kuujaza rangi. Ukurasa ukitazamwa, jina halionekani. Lakini agizo la kulichora jina lipo palepale kabla ya agizo la mstatili. Mtu yeyote anaweza kuliburuzia kishale eneo hilo, akanakili, akabandika mahali pengine, na jina likajitokeza. Programu ya kudondoa maneno haitauona hata huo mstatili, kwa kuwa haishughuliki na rangi.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti juu ya kuuawa kwa Nicola Calipari, ofisa wa upelelezi wa Italia aliyepigwa risasi na askari wa Marekani huko Baghdad. Sehemu za siri za ripoti hiyo zilikuwa zimetiwa weusi, na wasomaji wakazisoma kwa kunakili na kubandika tu. Mwaka 2009 kitabu cha maelekezo ya ukaguzi wa abiria katika viwanja vya ndege vya Marekani kilifunuliwa kwa namna hiyohiyo. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha mahakamani waraka uliotiwa weusi, na katika muda mfupi waandishi wa habari wakayasoma yaliyokuwa chini ya weusi huo. Kompyuta haikuharibika katika hata moja ya matukio haya matatu. Ilitenda kile ilichoagizwa, nacho kilikuwa kufunika, na watu wakadhani wamefuta.

Lugha yetu ina hazina ya pekee ya kulieleza jambo hili, nayo ni kauli ya kutendua. Kitu kilichobandikwa hubanduliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichozibwa huzibuliwa, kilichopachikwa hupachuliwa, kilichofunikwa hufunuliwa, kilichofichwa hufichuliwa. Umbo lenyewe la kitenzi humwambia msemaji kwamba tendo hilo lina njia ya kurudi. Kwa hiyo twapendekeza kanuni ifuatayo: mstatili mweusi na uitwe kwa kitenzi chenye mwenziwe wa kutendua, yaani "kufunika". Akisema "nimeyafunika majina", kila mjuzi wa Kiswahili atasikia papo hapo kwamba majina yanaweza kufunuliwa.

Kwa tendo la kweli la kuyaondoa maneno katika maagizo ya ukurasa, hata yasiwemo tena katika faili, linahitajika neno lisilokuwa na njia ya kurudi. "Kuficha" halifai, maana kilichofichwa hufichuliwa. "Kuziba" halifai kwa sababu hiyohiyo. "Kufuta" ni neno zuri, lakini limechoka. Mwalimu hufuta ubao, na kwenye kompyuta mtu hufuta faili ambalo baadaye hulirudisha kutoka katika pipa la taka. Sisi twapendekeza "kung'oa". Kilichong'olewa kimetoka na mzizi wake, na mahali pake hubaki shimo. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: agizo la kuchora jina liondolewe, maelezo ya pembeni yanayolitaja jina yaondolewe, picha iliyo na jina ikatwe, kisha faili zima liandikwe upya, wala lisiongezewe marekebisho mwishoni. Faili likiongezewa marekebisho tu, jina lililong'olewa katika toleo jipya lingali limelala katika toleo la zamani ndani ya faili lilelile, na anayejua kusoma faili atalikuta. Baada ya kung'oa ndipo mtu anaweza kuchora mstatili, uwe alama kwa msomaji kwamba hapa palikuwa na kitu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Katika kazi hii methali hiyo ina pande mbili. Waraka uliofunikwa tu ukishatangazwa, siri yake imemwagika. Waraka uliong'olewa maneno bila ya nakala ya asili kuwekwa mahali pa salama, maneno hayo nayo hayarudi. Kwa hiyo kitenzi "kung'oa" kiambatane daima na sharti la kuweka nakala ya asili.

5. Kuunga, kuambatisha na kupachika

Kitenzi "kuunganisha" nacho kimebebeshwa mzigo mkubwa. Watu hukitumia kwa kuweka nyaraka mbili mfululizo ziwe moja, kwa kutia faili moja ndani ya jingine, kwa kuingiza fonti ndani ya waraka, na kwa kiungo kinachompeleka msomaji mahali pengine. Kila moja ni kazi yake.

Kwa kuweka nyaraka mfululizo yatosha "kuunga". Mshonaji huunga kitambaa kwa kitambaa, na mahali pa kiungo panahitaji uangalifu. Katika PDF pia panauhitaji. Fomu mbili zikiwa na sehemu ya kujaza yenye jina lilelile kamili, mathalani "jina_la_mwombaji", kiwango cha PDF huzihesabu kuwa sehemu moja yenye jibu moja. Basi fomu za waombaji wawili zikiungwa bila ya kubadilishwa majina ya sehemu zake, huenda jibu la mmoja likaonekana katika fomu ya mwingine. Kwa faili linalotiwa ndani ya waraka, "kuambatisha" limekwisha kuzoeleka kutokana na barua pepe. Kwa fonti, "kupachika" linafaa.

Tendo jingine la fomu ni lile la kuzifanya sehemu za kujaza zisiweze kujazwa tena, majibu yakawa mchoro wa kawaida wa ukurasa. Mfasiri anayefuata neno la kigeni hatua kwa hatua ataandika "kusawazisha" au "kubapiza". La kwanza litamfanya mhasibu afikirie hesabu zake, na la pili litamfanya kila mtu afikirie ubao. Neno "kugandisha" lasema jambo lenyewe: majibu yameganda.

6. Saini na lakiri

Neno "saini" linatumika kwa vitu viwili ambavyo havitangamani. Cha kwanza ni picha ya mwandiko wa mtu iliyobandikwa juu ya ukurasa. Cha pili ni hesabu ya siri inayofanywa juu ya faili lenyewe, na inayoonyesha kama faili limeguswa baada ya kuhesabiwa. Picha ya mwandiko mtoto wa shule anaweza kuinakili akaibandika katika waraka mwingine. Hesabu ya siri haiwezi kuhamishwa hivyo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, nasi hatupingi istilahi ya sheria. Lakini karani asomaye "saini ya kielektroniki" hawezi kujua kwa jina hilo kama ameletewa picha au hesabu. Kwa hesabu inayolinda faili twapendekeza neno la kale, "lakiri". Lakiri ni ile nta iliyoyeyushwa juu ya bahasha na kupigwa muhuri. Ikivunjika, mpokeaji hujua kwamba barua imefunguliwa njiani. Kazi ya hesabu hii ni hiyohiyo. Haizuii faili lisiguswe. Hufichua tu kwamba limeguswa. Basi na tuseme "kupiga lakiri" na "lakiri imevunjika", na neno "saini" libaki kwa mwandiko na kwa matumizi ya kisheria.

7. Nomino

Juu ya nomino hatutakawia. Wapo wanaoziita kalibu za Java "madarasa", kwa kufuata neno la Kiingereza linalomaanisha pia chumba cha shule. Darasani wanafunzi hukusanyika. Vitu vya Java havikusanyiki katika chochote, bali hutolewa kwa mfano wa kitu kimoja, kama matofali yatolewavyo katika kalibu. "Kalibu" ni neno sahihi zaidi, ingawa wale wasiotofautisha l na r watalichanganya na karibio la wageni. Juu ya "hati" na "waraka", juu ya "faili" na "jalada", kila mmoja na atumie lile alilolizoea, mradi asibadilishe katikati ya kitabu.

Sababu ya kulipita jambo hili upesi ni ya kimsingi. Mwandishi wa programu akikosea jina la kalibu, programu inayotafsiri msimbo wa Java humkatalia papo hapo na kumwonyesha mstari wenye kosa. Lakini akielewa "kufunika" mahali alipoambiwa "kung'oa", msimbo wake ni sahihi kabisa. Utatafsiriwa, utaendeshwa, utamaliza kazi bila ya onyo lolote, na waraka utatangazwa. Mashine hulinda nomino. Vitenzi hulindwa na lugha peke yake.

8. Pingamizi

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba waandishi wa programu husoma kwa Kiingereza, na kwamba majina yote yaliyomo katika Java na katika PDFBox ni ya Kiingereza. Ni kweli. Hata hivyo, anayetoa amri kwa kawaida si mwandishi wa programu. Ni hakimu, msajili, mhasibu au mkuu wa idara, naye huitoa kwa Kiswahili. Kosa huzaliwa katika sentensi yake kabla mstari wa kwanza wa Java haujaandikwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wenye Kiingereza wanayo istilahi ya kisheria ya tendo hili tangu zamani, na bado mawakili wao waliaibika mwaka 2019. Je, istilahi nzuri itatuokoa sisi? Tukiri kwamba istilahi peke yake haizuii uzembe. Lakini neno lao halisemi lolote juu ya namna ya kutenda. Asili yake ni kuhariri na kupanga maandishi. Maneno "kufunika" na "kung'oa" yamebeba swali la ukaguzi ndani yake: je, yaweza kufunuliwa? Karani anayeulizwa swali hilo anaweza kulijibu mwenyewe kwa dakika moja, kwa kujaribu kunakili sehemu yenye weusi, bila ya kujua hata neno moja la Java.

Pingamizi la tatu ni kwamba "kudondoa" na "kuondoa" yanakaribiana kwa sauti, na katika amri ya mdomo moja laweza kusikika badala ya jingine. Hili ni pingamizi la haki. Twashauri kwamba katika amri ya mdomo kitenzi kifuatwe na mahali pa kupelekea: "dondoa maneno uyaweke katika faili jipya". Anayeondoa hana mahali pa kupelekea.

9. Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kuondoa: kuufanya ukurasa au sehemu isiwemo tena katika waraka.
Kunakili ukurasa: kuuchukua ukurasa na kuuweka katika faili jingine, asili ikibaki nzima.
Kudondoa: kuokota maneno kutoka katika maumbo yaliyochorwa, asili ikibaki nzima.
Kufunika: kuchora kitu juu ya maneno yasionekane kwa macho, maneno yakiwa yangali ndani ya faili.
Kung'oa: kuyaondoa maneno katika maagizo ya ukurasa na kuliandika faili upya, hata yasiweze kupatikana humo.
Kuunga: kuweka nyaraka mbili au zaidi mfululizo ziwe waraka mmoja.
Kuambatisha: kutia faili zima ndani ya waraka.
Kupachika: kutia fonti ndani ya waraka.
Kugandisha: kuzigeuza sehemu za fomu zilizojazwa kuwa mchoro usiojazika.
Lakiri: hesabu ya siri inayoonyesha kama faili limeguswa.

Tena twapendekeza utaratibu wa kuyapima maneno haya kabla ya kuyasanifisha. Mazoea yetu yamekuwa kuuliza kama neno lina asili ya Kibantu au ya Kiarabu, kama ni fupi, na kama linatamkika. Maswali hayo ni mema, lakini kwa vitenzi vya programu hayatoshi. Waandishi watatu wa programu wapewe amri moja ya Kiswahili iliyoandikwa, kila mmoja peke yake, pamoja na waraka mmoja wa PDF. Kisha programu zao ziendeshwe, na nyaraka zitokazo zilinganishwe, si kwa macho tu bali kwa kudondoa maneno yaliyomo. Zikifanana, kitenzi hicho kimefaulu. Zisipofanana, kitenzi kirudishwe kamati, hata kama ni kizuri masikioni.

Kipimo hiki ni kikali, na huenda baadhi ya mapendekezo yetu yenyewe yasikivuke. Hilo si kitu. Shahidi ambaye jina lake limeagizwa kuondolewa katika hukumu hatauliza kama neno lililotumika lilikuwa la asili gani. Atauliza kama jina lake bado limo.